Wazee wa Arnhem na Watoto wa Maua

Kuna video moja ya 2019 ambayo nimeirudia mara nyingi sana. Mzee wa miaka 97, Mskoti, jina lake Sandy Cortmann, amefungwa mikanda na mwanajeshi kijana, na wote wawili wanashuka kwa parachuti moja karibu na mji wa Arnhem, Uholanzi. Wanatua, watu wanapiga makofi, anasaidiwa kusimama. Mara ya mwisho kushuka huko ilikuwa Septemba 1944. Alikuwa na miaka 22, na hakukuwa na mtu wa kumpigia makofi.

Nilidhani stori ni hiyo tu. Mzee mgumu ameruka kutoka kwa ndege, unaweka moyo mwekundu, unasonga. Halafu nikaona sehemu ya pili, ile ambayo haikusambaa sana. Mzee huyo huyo amepelekwa makaburini, yuko mbele ya kaburi la rafiki yake, na analia. Miaka 75 imepita na bado analia. Manze, hapo nilikwama. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kuhusu hao wazee, na nimegundua kuwa kitu cha maana hata si vita yenyewe. Ni venye wamekuwa wakirudi, na ni nani amekuwa akiwangoja.

Wacha kwanza nieleze vita kidogo, kwa sababu bila hiyo hakuna kitu kitaeleweka. Septemba 1944 Waingereza na Wamarekani walikuwa wameshawafukuza Wajerumani karibu Ufaransa yote. Kamanda wa Kiingereza, Montgomery, akaja na mpango: tuangushe askari wa parachuti na wa ndege zisizo na injini, kama 35,000 hivi, ndani ya Uholanzi. Wakamate madaraja yote yaliyo njiani, kisha vifaru vipite juu ya barabara moja hadi mto Rhine, tuingie Ujerumani, vita iishe kabla ya Krismasi. Daraja la mwisho kabisa, la mbali kuliko yote, lilikuwa la Arnhem. Hilo walipewa Divisheni ya Kwanza ya Airborne ya Uingereza, watu karibu 10,000.

Kwa karatasi ilikaa fiti. Kwa ardhi ilikuwa mambo mengine. Waliangushwa zaidi ya kilomita 10 kutoka kwa daraja walilotakiwa kulikamata. Redio zao hazikushika. Na karibu na mji walikuwa wamepumzika Wajerumani wa divisheni mbili za vifaru za SS. Kati ya wale 10,000, ni kama 740 tu walifika darajani, wakiongozwa na John Frost. Hao wakashikilia upande mmoja wa daraja kwa zaidi ya siku tatu, nyumba zikiwaka juu ya vichwa vyao, hadi risasi zikaisha. Wengine walizingirwa katika kijiji cha jirani kinachoitwa Oosterbeek. Usiku wa tarehe 25 Septemba, mvua ikinyesha, waliobaki wakavushwa mto kwa mashua. Waliovuka walikuwa kama 2,400. Karibu 1,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 walikamatwa.

Yaani walishindwa. Na tafadhali lishike hilo, kwa sababu huwa tunadhani watu hukumbuka tu walichoshinda.

Lakini aliyelipa zaidi hakuwa askari. Wajerumani waliwaamuru watu wa Arnhem wahame mji wao, karibu watu laki moja, wakatoka na mikokoteni na baiskeli bila kujua wanaenda wapi. Nyumba zao zikaporwa. Mji ulikombolewa Aprili 1945, miezi saba baadaye. Katikati hapo ilipita baridi ambayo Waholanzi huiita ya njaa. Sehemu za magharibi mwa nchi watu walikula hadi vitunguu vya maua, na takriban 20,000 walikufa. Sasa jiulize: kama wageni wangeangukia mtaa wenu kutoka angani, wakapigana wiki moja na nusu, wakashindwa, wakaondoka usiku, na wewe ukabaki bila nyumba na bila chakula, mwaka mmoja baadaye ungewapokea aje?

Septemba 1945 baadhi ya wale askari walirudi. Takriban 200 walikuwa wameletwa kutengeneza filamu, *Theirs Is the Glory*, iliyotoka 1946. Waliigiza wenyewe yale waliyopitia, katika magofu yale yale, hakuna seti iliyojengwa. (Hebu fikiria hiyo kazi. Umepigwa risasi kando ya ukuta fulani, mwaka mmoja baadaye unaambiwa kimbia tena kando ya ukuta huo, kamera inazunguka.) Mwezi huo huo ukafanywa ukumbusho wa kwanza katika makaburi mapya ya Oosterbeek. Waliokufa walikuwa wamefukuliwa kutoka bustani za watu, kando ya barabara na msituni, wakaletwa pamoja. Watoto wa shule wa hapo kijijini wakaja na maua, wakasimama mbele ya makaburi, na kwa ishara moja wote wakainama wakaweka maua chini.

Hao watoto walikuwa wametoka kuishi ile njaa. Walikuwa wamerudi kwa nyumba zisizo na paa. Na wameweka maua kila Septemba tangu hapo. Wanaitwa watoto wa maua. Makaburi ni zaidi ya 1,700, na leo wanaoshika maua ni watoto wa wajukuu wa wale wa 1945.

Mtu ambaye siwezi kumruka ni Kate ter Horst. Alikuwa mama wa watoto watano, aliishi katika nyumba ya kasisi wa zamani kando ya kanisa la Oosterbeek. Siku za vita daktari wa jeshi alimwomba nafasi ya kuweka majeruhi wachache. Kabla ya wiki kuisha walikuwa mamia, wamelazwa kwa korido, kwa ngazi, kila mahali, watoto wake wakiwa chini ya nyumba. Alipita kati yao gizani akiwasomea Zaburi ya 91. Waliokufa walizikwa kwa bustani yake, 57 kati yao. Vita ilipoisha alirudi kwa nyumba hiyo, akaitengeneza, na wazee wakaanza kuja kumwona. Mtu anabisha mlango, anasema mimi nililala pale kwa ngazi zako. Na mama na baba za waliozikwa bustanini walikuja pia, kwa sababu yeye ndiye alikuwa amewaona watoto wao mwisho.

Mwaka wa 1947 mwanawe mkubwa alikufa. Bomu la ardhini lililoachwa na vita lililipuka. Yeye mwenyewe aligongwa na gari hapo Oosterbeek mwaka wa 1992. Miaka yote 45 katikati ya hivyo vifo viwili aliendelea kufungua mlango. Sijui kama mimi ningeweza. Nadhani ningefunga kabisa.

Sasa, kurudi kwenyewe kulikuwa aje? Usifikirie hoteli na mabasi ya watalii. Wazee wengi walilala kwa familia za Kiholanzi, mwaka baada ya mwaka nyumba ile ile, hadi wakawa kama watu wa ukoo. Watoto wa nyumba wanakua wakimwita mzee mgeni kama babu yao, wanaalikana harusi, wanazikana. Waliozeeka na hawawezi kusafiri peke yao wamekuwa wakipelekwa na madereva wa teksi wa London, zile teksi nyeusi. Hao madereva wana chama chao cha kusaidia wakongwe wa vita tangu 1948, na wanafanya bure: msafara mrefu wa teksi unavuka bahari hadi Uholanzi au Normandy. Mimi nimekulia kwa matatu, na nilipoona picha za huo msafara nilicheka peke yangu. Piga picha ya mbogi nzima ya madere wa Rongai wakipeleka wazee makaburini bila nauli!

Pia kuna matembezi. Tangu 1947, kila Septemba, watu hutembea kupitia Oosterbeek na misitu ya karibu, pale pale vita ilipopigwa. Siku hizi huja makumi ya maelfu. Kuna mwenye amevaa medali na kuna mwenye anasukuma kigari cha mtoto, na bendi zinacheza. Ukiangalia haraka unaweza kudhani ni karnivali. Wengine hukasirikia hilo, wanasema msiba umekuwa sherehe. Mimi sioni shida. Matanga yetu pia huwa na vyakula na vicheko, na hakuna mtu husema hatukumpenda marehemu.

Ilipofika 1969, miaka 25, upande wa Uingereza ulianza kusema labda sasa inatosha. Wazee wamepata kazi na familia, vita imepita, tufunge hii kitu kwa heshima. Waholanzi wakakataa. Wakasema itaendelea. Hapo ndipo nilielewa kuwa sherehe hii haikuwa ya jeshi tena. Jeshi lilikuwa mgeni tu. Wenyewe walikuwa watu wa kijiji, na hawakungoja ruhusa ya mtu.

Halafu 1994, miaka 50, wazee wenyewe wakafanya kitu ambacho sijaona wakongwe wa vita nyingine wakifanya. Waliweka jiwe Oosterbeek, karibu na ile hoteli ya zamani ya Hartenstein iliyokuwa makao yao makuu na sasa ni makumbusho. Jiwe halisifu kikosi. Limeandikiwa watu wa mkoa wa Gelderland, na maana yake ni kwamba tulikuja kuwafungulia njia ya kumaliza vita, badala yake tukawaletea kifo na uharibifu, na hamkuwahi kutulaumu. Ni kama mtu aliyebeba deni miaka 50 akaamua kulisema mbele za watu. Wengi wao walikuwa na miaka 70 na kitu. Walijua hawana muda wa kuzungusha maneno.

Lakini nisikuuzie hadithi tamu tu, kwa sababu kuna watu waliofungiwa nje ya huo ukumbusho kwa muda mrefu. Hapo Arnhem walikuwepo Wapolandi pia, brigedi nzima ya parachuti chini ya Jenerali Stanisław Sosabowski. Sosabowski alikuwa ameonya mapema kuwa mpango una mashimo. Watu wake waliangushwa Driel, ng'ambo ya mto, tarehe 21 Septemba, wakiwa wamechelewa kwa sababu ya hali ya hewa, na Wajerumani wakiwa tayari. Walijaribu kuvuka usiku kwa vimashua vichache, wakauawa majini. Vita iliposhindwa, makamanda wa Kiingereza wakatafuta wa kumbebesha lawama, wakampata yeye. Desemba 1944 akaondolewa uongozini.

Nyumbani hakuweza kurudi, serikali mpya ya kikomunisti ilimvua uraia. Alibaki London, jenerali mzima, akafanya kazi ya kiwandani hadi uzee. Alikufa 1967. Waholanzi ndio waliorekebisha, na ilichukua hadi Mei 2006, Malkia Beatrix alipoipa brigedi hiyo nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya nchi, na Sosabowski akapewa yake akiwa kaburini. Mwaka huo huo ukumbusho wake ukasimamishwa Driel, na kati ya waliosukuma hiyo kazi walikuwa wazee wa Kiingereza waliopigana upande wa pili wa mto. Serikali yao ilikuwa imenyamaza miaka 60. Askari wa kawaida hawakusahau ni nani alijaribu kuvuka kuwasaidia.

Hiyo sehemu huniuma kuliko zote, na nitakuambia kwa nini.

Septemba hiyo hiyo ya 1944, wakati Frost alikuwa darajani, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma, katika bonde la Kabaw. Hao walikuwa KAR, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na wa Rhodesia ya Kaskazini. Walitembea kwenye matope ya msimu wa mvua, malaria juu, wakiwasukuma Wajapani nyuma. Desemba wakafika mto Chindwin, wakashika ng'ambo, na wahandisi wakajenga daraja la zaidi ya mita 300 pale Kalewa. Vita moja, mwaka mmoja, jeshi la mfalme mmoja. Hata makaburi yanatunzwa na tume moja. Ile ile inayokata nyasi Oosterbeek ndiyo inayokata nyasi katika makaburi ya vita kando ya Ngong Road. Umepita hapo mara ngapi?

Tume hiyo yenyewe ilikubali Aprili 2021 kuwa haikuwatendea haki wote. Ripoti yake ilihusu Vita vya Kwanza vya Dunia: watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba msamaha bungeni. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita hiyo wana mtaa Nairobi, Kariokor, jina lililotoka kwa Carrier Corps. Tunanunua viatu na vikapu hapo, tunakula nyama choma, na sijawahi kusikia mtu akitaja walikotoka.

Najua utaniambia, hao wa KAR walikuwa wanapigania mkoloni, mbona tuwawekee maua? Ni swali halali. Walirudi wakapata ardhi hakuna, kura hakuna, kipande bado shingoni kwa wengine, na baadhi yao waliishia msituni upande wa pili. Lakini wale watoto wa Oosterbeek hawakuulizwa kama wanaunga mkono mpango wa Montgomery. Waliambiwa huyu hapa ni mtu, aliitwa hivi, alikuwa na miaka 20, shika maua. Mtoto anapewa kaburi moja na jina moja. Ni kazi ndogo sana, na ndiyo maana imedumu. Mtoto wa miaka 9 hawezi kubeba Vita vya Pili vya Dunia, lakini jina moja atalibeba hadi azeeke.

Na sasa wazee wanaisha. Septemba 2024, miaka 80, waliofika Arnhem walikuwa wachache wa kuhesabika, kwenye viti vya magurudumu, na blanketi magotini. Sandy Cortmann aliruka kwa wakati. Sasa wanaokuja ni mabinti na wajukuu, wameshika picha na bereti ya mzee. Wanalala kwa nyumba zile zile, na mwenye nyumba ni mtoto wa yule aliyempokea baba yao.

Kwetu kuna picha moja. Babake shosho alienda Burma, shosho hutamka Bama. Katika picha wako vijana watatu wamevaa zile kofia za ukingo uliokunjwa upande mmoja. Yeye ndiye wa katikati. Hao wengine wawili hakuna aliyewahi kuwauliza, na nyuma ya picha kuna maandishi ya penseli yaliyofutika. Nilikuwa nimeiona tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kujali. Baada ya hizi wiki za kusoma kuhusu Waholanzi niliona aibu, nikampelekea Krismasi iliyopita, nikamwekea miwani.

"Shosho, huyu wa kushoto ni nani?"

Aliangalia sana. Akasema huyo alikuwa akija kila Krismasi kutoka upande wa Kitui, kwa miguu mwanzoni, baadaye kwa basi. Analeta sukari. Wanakaa chini ya mwembe na babake kutoka asubuhi hadi jioni, na hawaongei sana. Watoto walikatazwa kuwakaribia. Mwaka fulani hakuja, na babake alikaa chini ya mwembe siku hiyo nzima akiangalia barabara.

Nikamuuliza, aliitwa nani?

"Sisi tulimwita tu Wa Sukari," akasema. Kisha akaongeza, "Ngoja. Nitakumbuka."

Hajakumbuka bado. Nampigia simu kila Jumapili, na kabla sijamuuliza huwa ananiambia mwenyewe, bado, mjukuu wangu, lakini lilianza na M.